Mume alifunga kizazi, sasa mnataka mtoto: hatua za kufuata

Mwanaume aliyefunga kizazi bado anatengeneza mbegu kila siku. Kilichokatwa ni mirija miwili myembamba inayotoa mbegu kwenye korodani na kuzipeleka zikachanganyike na majimaji mengine ya shahawa. Ndiyo maana anamaliza tendo kama kawaida na shahawa zinatoka kama zamani, ila ndani yake hamna mbegu. Zile zinazotengenezwa huzeeka zikafyonzwa na mwili. Baba aliyefunga miaka 6 iliyopita, na hata yule wa miaka 16, hajaishiwa. Akitaka mtoto wa damu yake ziko njia mbili za hospitali: mirija iunganishwe upya kwa upasuaji, au mbegu zichukuliwe kwa sindano moja kwa moja zilipo, yai la mke lirutubishwe maabara, kisha mimba ipandikizwe.

Sababu za kurudi kuuliza zinafahamika. Kuna aliyeoa tena baada ya talaka au kufiwa na mke. Kuna waliofiwa na mtoto. Kuna walioona miaka imepita, mambo yamekaa sawa, na nyumba imekuwa kimya mno. Hakuna haja ya kumsimanga mtu kwa uamuzi wa zamani. Alipofunga alikuwa na sababu zake.

Kosa ninaloliona likigharimu watu fedha na miaka ni kuanza na mume. Kwa kuwa yeye ndiye aliyefunga, ndugu na jamaa wote humtazama yeye, anatafutiwa daktari wa kumfungua, anapasuliwa, wanasubiri mwaka mzima, halafu ndipo inagundulika kwamba mirija ya mke nayo imeziba. Katika jambo hili, umri wa mke na hali ya kizazi chake ndivyo vinavyoamua mfuate njia gani. Hatua zilizo hapa chini nimezipanga kwa msingi huo.

Hatua ya kwanza: ukweli uwe mezani

Inatokea mwanaume anaoa mara ya pili bila kumwambia mke mpya kwamba alishafunga. Miezi inapita, mama mkwe anaanza kuuliza, mke anapelekwa huku na huku, ananyweshwa mizizi, anaombewa, na mwenye siri amekaa kimya. Kama ndiyo hali yako, mwambie leo. Daktari hawezi kumtolea siri yako mke wako bila ridhaa yako, na wewe huwezi kuchagua njia inayofaa bila yeye kujua, kwa sababu uchaguzi unategemea vipimo vyake.

Mkishaelewana, jiulizeni maswali mawili kabla ya kutafuta hospitali. Mnataka watoto wangapi? Na dini yenu inasemaje? La pili si dogo. Kanisa Katoliki, katika mafundisho yake ya 1987, halikubali mimba inayotungwa maabara, hivyo Mkatoliki anayefuata mafundisho hayo anabaki na njia ya kuunganisha mirija. Kwa Waislamu wa Kisunni, fatwa ya Al-Azhar, chuo kikuu cha Kiislamu cha Misri, ya 1980 iliruhusu upandikizaji maadamu mbegu ni ya mume, yai ni la mke, na ndoa ipo. Mbegu ya mtu wa tatu imekatazwa. Bora mjue mapema kuliko kukwama katikati, fedha zikiwa zimeshatoka.

Hatua ya pili: mke apimwe kwanza

Nendeni kwa daktari wa magonjwa ya wanawake anayeshughulika na ugumba. Mwelezeni wazi kwamba mume amefunga kizazi, asije akaandika vipimo vya kubahatisha. Vipimo vya maana ni hivi.

Umri wenyewe, ambao hauhitaji maabara. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, na baada ya miaka 35 yanapungua wingi na ubora kwa kasi. Baada ya 40 kila miezi sita ina uzito wake.

Akiba ya mayai. Hupimwa kwa damu, kipimo kinaitwa AMH, na kwa ultrasaundi ya ukeni inayohesabu vifuko vidogo vya mayai. AMH inasema mayai yamebaki mengi au machache, haisemi kama yana afya. Mwanamke wa miaka 30 mwenye AMH ndogo bado anaweza kushika mimba kitandani. Ila akienda kupandikiza atapata mayai machache kwa mzunguko.

Mirija ya uzazi. Hapa ndipo mambo mengi ya kwetu yanapojificha. Maambukizi ya nyonga yasiyotibiwa vizuri, mimba iliyoharibika ikafuatiwa na homa, au upasuaji wa zamani wa tumbo, vyote vinaweza kuziba mirija bila mwanamke kuhisi chochote. Kipimo chake ni HSG: dawa inayoonekana kwenye eksirei inapitishwa mlango wa kizazi, na picha inaonyesha kama inamwagika upande wa pili. Hufanywa baada ya hedhi kwisha na kabla yai halijatoka. Kinauma kama maumivu makali ya hedhi kwa dakika chache. Meza dawa ya maumivu kabla, na usiende peke yako.

Kizazi chenyewe: ultrasaundi itafute faibroidi, yaani uvimbe wa kwenye kizazi, hasa zile zinazosukuma ndani ya chumba cha mimba. Ongezeni vipimo vya tezi ya shingo na homoni ya prolaktini, na vya VVU, homa ya ini B na C na kaswende kwa wote wawili. Na tangu siku hiyo mke aanze kumeza foliki asidi mikrogramu 400 kila siku. Ni vidonge vya bei ndogo, na vinamlinda mtoto dhidi ya ulemavu wa uti wa mgongo kabla hata mama hajajua kuwa ana mimba.

Hatua ya tatu: sasa mume

Tafuta karatasi za ulipofungia kama zipo. Daktari atataka kujua mwaka, upande wowote uliopata shida, na mbinu iliyotumika. Mbinu ina maana yake: kuna wanaokata kipande kidogo na kufunga kwa uzi, na kuna wanaochoma mrija kwa ndani kisha kuweka utando katikati ya ncha mbili, kama madaktari wa Rwanda walivyofundishwa kuanzia 2010. Ya pili inaziba kwa uhakika zaidi. Kipande kilichoondolewa kikiwa kirefu, daktari wa kuunganisha ana kazi kubwa zaidi ya kuvuta ncha zikutane. Ukiwa huna karatasi, usikate tamaa. Mkono wa mtaalamu wa urolojia, yaani daktari wa njia ya mkojo na uzazi wa kiume, unaweza kupapasa na kuhisi pengo lilipo.

Kipimo cha shahawa kifanyike hata kama una hakika umefunga. Wapo ambao hawakurudi kupimwa baada ya kufunga, na wapo wachache sana, kiasi cha 1 kwa 2,000, ambao mirija hujiunga yenyewe baada ya kuthibitishwa kuwa imeziba. Kipimo hiki ni rahisi kuliko vyote vitakavyofuata.

Daktari ataangalia pia ukubwa wa korodani. Zikiwa ndogo au laini kupita kawaida, atapima homoni ya FSH kujua kama utengenezaji wa mbegu uko sawa. Uliyewahi kuzaa watoto kabla ya kufunga, una sababu ya kutulia hapa.

Na hili waambieni vijana wa jimu: sindano na vidonge vya testosteroni vya kujaza misuli huzima utengenezaji wa mbegu. Mwili unaona homoni imejaa, unaacha kuziagiza korodani zifanye kazi. Kama unatumia, mwambie daktari, na usikubali kupasuliwa mpaka jambo hilo limepangwa. Mbegu mpya huchukua takriban miezi mitatu kutoka mwanzo hadi kukomaa, kwa hiyo hata sigara ukiacha leo, matokeo utayaona baada ya muda huo.

Kuhusu dawa za "kufungua mirija" zinazotangazwa mitandaoni na kwenye vibao vya barabarani: mrija uliokatwa una ncha mbili zilizoachana. Hakuna mzizi, chai wala mafuta ya kuchua yanayozivuta zikutane. Fedha hiyo iwekeni kwenye bahasha ya vipimo.

Hatua ya nne: kuchagua njia

Hapa mnakaa na majibu yote mkononi, na mnaangalia mambo matatu: umri wa mke, miaka tangu mume afunge, na idadi ya watoto mnaotaka.

Kuhusu miaka, rejea inayotajwa zaidi na madaktari ni utafiti wa Marekani uliochapishwa 1991, uliofuatilia wanaume zaidi ya elfu moja waliounganishwa mirija kwa hadubini. Waliokuwa wamefunga chini ya miaka 3, mbegu zilirudi kwa asilimia 97 yao, na wake walioshika mimba walikuwa asilimia 76. Miaka 3 hadi 8: mbegu 88, mimba 53. Miaka 9 hadi 14: mbegu 79, mimba 44. Miaka 15 na zaidi: mbegu 71, mimba 30. Zingatieni pengo kati ya namba mbili za kila kundi. Daktari akikwambia "tunafanikiwa kwa asilimia 90", muulize: mbegu kurudi, au mimba?

Kuhusu umri, takwimu za HFEA, mamlaka inayosimamia upandikizaji Uingereza, za 2019 zinatosha kuonyesha mteremko. Kwa kila kiinitete (yai lililorutubishwa likaanza kukua) kilichowekwa, waliojifungua walikuwa asilimia 32 ya wanawake wa chini ya miaka 35. Wa miaka 38 na 39, asilimia 19. Wa 40 hadi 42, asilimia 11. Na wa 43 na kuendelea, karibu 5, wakitumia mayai yao wenyewe.

Maoni yangu ni haya. Mke akiwa chini ya miaka 35, mirija yake iko wazi, mume amefunga chini ya miaka 10, na mnataka mtoto zaidi ya mmoja: unganisheni mirija. Ni upasuaji mmoja, na ukikubali mnaweza kupata mtoto wa pili na wa tatu bila kulipa tena. Mke akiwa na 38 na zaidi, au mirija yake imeziba, au akiba ya mayai ni ndogo: nendeni kwenye upandikizaji, kwa sababu baada ya kuunganisha mirija mimba huchukua kwa wastani kama mwaka, na mwaka huo mke hana. Mkitaka mtoto mmoja tu na mume hataki kurudi kwenye uzazi wa mpango baadaye, upandikizaji unamwacha akiwa amefungwa vilevile. Jambo hili wengi hawalifikirii.

Katikati kuna kundi gumu: mke wa miaka 35 hadi 37, mume amefunga zaidi ya miaka 15. Hapo njia zote mbili zina hoja. Kitakachoamua ni kama mnaweza kumfikia daktari wa upasuaji aliye hodari, au kituo cha upandikizaji kilicho hodari. Wanandoa walewale waliowahi kuzaa pamoja huwa na bahati zaidi baada ya kuunganisha kuliko mume aliyeoa upya, kwa kuwa inajulikana tayari kwamba wote wawili wanazaa.

Hatua ya tano: mkichagua kuunganisha mirija

Kazi yote iko mikononi mwa daktari mmoja, kwa hiyo mchagueni kwa maswali. Tundu la ndani la mrija wa mbegu lina upana wa chini ya nusu milimita. Linashonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele, chini ya hadubini ya upasuaji inayokuza mara 10 hadi 25. Daktari anayetumia miwani ya kukuzia peke yake, au anayesema "nitaunganisha tu haraka", mshukuruni na muondoke. Wenye ujuzi huu Afrika Mashariki ni wachache. Si aibu kusafiri kutoka mkoani.

Muulizeni: umefanya upasuaji huu kwa wangapi, na mwaka huu wangapi? Mbegu zilirudi kwa wangapi kati yao? Ukikuta kizibo cha pili karibu na korodani, unaweza kukiruka? Kuna mtaalamu wa maabara ndani ya chumba cha upasuaji? Mnagandisha mbegu?

Swali la kizibo cha pili ndilo linalowatenganisha mafundi. Miaka ikipita baada ya kufunga, shinikizo la mbegu linaweza kupasua mrija mwembamba wa epididimisi, ule uliojikunjakunja nyuma ya korodani ambako mbegu hukomaa, na kovu likaziba hapo. Kwa nje huwezi kuona. Daktari akishakata ncha ya upande wa korodani, anakamua tone la majimaji na kuliweka kwenye kioo cha maabara palepale. Likiwa jepesi na safi kama maji, au lina mbegu ndani yake, mrija unaungwa kwa mrija. Likiwa zito kama dawa ya meno na halina mbegu hata moja, maana yake kuna kizibo nyuma yake. Akiunganisha pale pale, mshono utapona vizuri sana na hakuna kitu kitakachopita. Inabidi aende nyuma akaunge mrija moja kwa moja na epididimisi, kazi ngumu zaidi na yenye mafanikio madogo zaidi. Daktari asiyeweza kuifanya hatakwambia katikati ya upasuaji, ataunga anavyoweza. Ndiyo maana mnauliza kabla.

Ombeni mbegu zikipatikana siku hiyo zigandishwe. Zinahifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na zinakaa miaka. Mshono ukishindwa, mna akiba ya kupandikizia bila mume kuchomwa tena. Mkikosa huduma hiyo siku ya upasuaji, gandisheni shahawa mara ya kwanza mbegu zinapoonekana, kwa sababu wapo ambao mrija hufunguka kisha kovu likaufunga tena baada ya miezi kadhaa.

Upasuaji huchukua saa 2 hadi 4, kwa nusukaputi au ganzi ya mgongo, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Siku mbili za kwanza ni za kulala na barafu iliyofungwa kwenye taulo. Vaa chupi ya kubana inayoinua korodani kwa wiki kadhaa. Hakuna kubeba gunia, ndoo wala mtoto mzito, na hakuna bodaboda wala baiskeli mpaka daktari aruhusu. Barabara zetu zinajulikana. Tendo la ndoa lisubiri wiki 3 hadi 4. Uvimbe kidogo na michubuko ni kawaida. Uvimbe unaokua upesi, homa, au usaha, rudi hospitali usiku huohuo.

Kisha kusubiri, na hapa ndoa inapimwa. Kipimo cha shahawa cha kwanza hufanywa kama wiki ya 6, halafu kila baada ya miezi miwili au mitatu. Mirija iliyoungwa kwa mrija, mbegu huonekana mara nyingi ndani ya miezi mitatu. Miezi 6 ikipita bila hata moja, upasuaji umeshindwa. Iliyoungwa na epididimisi inaweza kuchukua mwaka. Mtasikia pia habari za kingamwili: mwili wa mwanaume aliyefunga mara nyingi hutengeneza askari wanaoshambulia mbegu zake. Kwa wengi hilo halizuii mimba, na si sababu ya kuacha upasuaji. Mbegu zikirudi kwa wingi na mwaka ukaisha bila mimba, ndipo lifuatiliwe.

Hatua ya sita: mkichagua kupandikiza

Mbegu zinazochukuliwa kwa sindano ni chache na haziogelei vizuri, kwa sababu hazijamaliza safari yake ya kukomaa. Kwa hiyo haiwezekani kuziweka tu ndani ya kizazi cha mke kwa mrija wa plastiki, hata kama kituo fulani kikiahidi hivyo kwa bei nafuu. Lazima kila yai lidungwe mbegu moja kwa sindano ya kioo chini ya hadubini. Mbinu hiyo, ICSI, ilitangazwa Brussels mwaka 1992, na ndiyo iliyowafungulia mlango wanaume wa aina hii.

Kwa mume, kazi ni fupi. Ganzi inachomwa, sindano inaingia kwenye epididimisi au korodani, mtaalamu wa maabara anaangalia palepale kama mbegu zipo. Kwa aliyefunga kizazi na anayetengeneza mbegu vizuri, hupatikana karibu kila mara. Zisipotoka kwa sindano, kipande kidogo cha nyama ya korodani hukatwa. Mimi napendelea zichukuliwe na kugandishwa kabla mke hajaanza sindano zake. Akishaanza, hakuna kurudi nyuma, na hakuna sababu ya kumwingiza kwenye gharama ile kwa kubahatisha.

Kwa mke kazi ni ndefu. Sindano za kukuza mayai kila siku kwa siku 10 hadi 14, anajidunga mwenyewe tumboni, huku ultrasaundi ikifuatilia vifuko vinavyokua. Sindano nyingi hutakiwa kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Kwenye mji unaokatika umeme, hasa kwenye joto la Dar au Mombasa, nunueni kibegi cha baridi na vipande vya barafu kabla ya kuleta dawa nyumbani, na msiziguse na barafu moja kwa moja kwa sababu zikiganda zinaharibika. Sindano ya mwisho ya kukomaza mayai hupigwa kwa saa iliyopangwa, na mayai huvunwa saa 34 hadi 36 baadaye. Saa hiyo ikiwa ni saa 4 usiku, iwe saa 4 usiku. Wekeni kengele kwenye simu mbili.

Jiandaeni kwa hesabu inayoshuka. Tuseme mayai 10 yamevunwa: labda 8 yamekomaa, 5 au 6 yanarutubika, na 2 au 3 yanafika siku ya tano yakiwa viinitete vyenye nguvu. Wengi hulia siku wanaposikia namba imeshuka, wakidhani kuna uzembe. Mara nyingi ni maumbile tu. Kiinitete kimoja kiwekwe, vingine vigandishwe. Najua mapacha wanapendwa, lakini mimba ya mapacha ina hatari kubwa zaidi ya kuzaa njiti na shinikizo la damu, na vyumba vya watoto njiti si kila hospitali inavyo.

Dalili moja mke aijue kwa moyo: baada ya mayai kuvunwa, tumbo likijaa na kubana, uzito ukapanda haraka, mkojo ukapungua au pumzi ikawa fupi, ni hatari ya mayai kuchochewa kupita kiasi. Piga simu kituoni mara moja, usisubiri asubuhi.

Hatua ya saba: fedha na safari

Ombeni karatasi ya bei iliyogawanywa kipande kwa kipande, kwa sababu bei ya tangazo mara nyingi haina dawa za sindano, uchukuaji wa mbegu, ICSI, kugandisha, wala ada ya kila mwaka ya kuhifadhi. Jijini Nairobi mzunguko mmoja huanzia kama shilingi laki nne za Kenya na kupanda. Pangeni kwa mizunguko miwili; mnaoweza mmoja tu mjue hivyo tangu mwanzo, msiuze kiwanja kwa matumaini ya asilimia 32.

Bima nyingi hazilipi hili. Hata Watanzania na Wakenya walio Uingereza wasitegemee NHS, huduma ya afya ya serikali ya huko: kwa kawaida hailipii kufungua kizazi kilichofungwa kwa hiari, wala upandikizaji kwa sababu hiyo. Marekani nako bima nyingi zinakataa vilevile.

Wanaofikiria India, zingatieni umri. Sheria yao ya teknolojia za uzazi ya 2021 inataka mwanamke awe chini ya miaka 50 na mwanaume chini ya miaka 55. Mzee wa miaka 57 mwenye mke wa 33 atakataliwa huko hata akibeba fedha taslimu. Bebeni cheti cha ndoa, na majibu yote ya vipimo yakiwa kwenye karatasi, si picha za simu.

Njia nyingine

Mbegu zisipopatikana kabisa, au fedha zikigoma, kuna mbegu za kuchangiwa, ambazo zinawekwa kwenye kizazi cha mke kwa urahisi na kwa gharama ndogo sana kuliko ICSI. Kituo kinachojiheshimu hugandisha mbegu hizo kwa miezi 6 mpaka mchangiaji apimwe upya VVU. Msitumie mtu mnayemjua kwa siri. Na kuna kuasili mtoto, jambo ambalo Tanzania linasimamiwa na Sheria ya Mtoto ya 2009 na Kenya na sheria ya 2022; anzieni ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, au ofisi ya watoto ya kaunti kwa Kenya.

Mimba ikishika

Kwa waliopandikiza, kipimo cha damu ni kama wiki mbili baada ya mayai kuvunwa. Msiharakishe kipimo cha mkojo, dawa zinaweza kudanganya. Ultrasaundi ya wiki ya 6 au 7 ni ya lazima kwa njia zote mbili, kuona kama mimba imekaa ndani ya kizazi. Maumivu makali ya upande mmoja, kuzirai au damu kabla ya hapo, hospitali mara moja. Anzeni kliniki mapema, na mwelezeni mkunga mimba ilivyopatikana.

Baada ya kujifungua, waliounganisha mirija wakumbuke kwamba mume sasa anazalisha. Kliniki ya wiki ya sita mkunga atauliza kuhusu uzazi wa mpango, na jibu la "mume wangu alishafunga" limeshapitwa na wakati. Waliopandikiza watapata ujumbe wa kituo kila mwaka kuhusu ada ya viinitete vilivyobaki: lipieni kama mnataka mwingine, na kama hamtaki, andikeni kwa saini za wote wawili visihifadhiwe tena.